Siku Mbili za Nakuru

Kila Jumamosi mchana Murunga alipofika nyumbani kutoka mjini, aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia yake ya reli, akautazama mtungi uliojaa na kuuliza swali lile lile.

"Umeleta maji ya Nakuru?"

Hakupandisha sauti. Angefoka, pengine Nangila angepata la kumjibu. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua ikiwa mvua imenyesha, naye Nangila akamtilia maji ya kunawa na kunyamaza. Alinyamaza hivyo miaka tisa. Mke anayeamini kwamba yeye ndiye aliyemkosesha mtoto wake shamba zuri atasema nini? Na Nangila aliamini, kwa sababu aliyemwambia ni mumewe, na mumewe alikuwa karani.

Maji yenyewe hayakutoka Nakuru, bila shaka. Yalitoka kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya mteremko, katika shamba la Walubengo, mwenyekiti wa kampuni yao ya ardhi. Kila asubuhi Nangila alishuka na debe, akasimama kwenye lango la waya, akapiga hodi. Siku nyingine aliitikiwa upesi. Siku nyingine watu wa humo walikuwa bado wanakunywa chai, naye akangoja. Akisha kuambiwa apite, alichota, akashukuru, akapanda na debe kichwani hadi shamba namba arobaini na moja, ambako ukipiga jembe mara mbili, ya tatu inalia kwenye mwamba. Mahindi ya hapo yalimfika kiunoni yakakata tamaa.

Chemchemi hiyo ingekuwa yake. Kila mtu pale Kwa Hendriki, ndivyo shamba zima lilivyoitwa, alijua hivyo, na kila mtu alijua pia ni kwa nini haikuwa yake: alikwenda kustarehe.

Mambo yalianza mwaka wa sitini na nane. Murunga alikuwa karani wa tikiti katika stesheni ya Eldoret. Miaka kumi na mmoja alikuwa amewakatia watu tikiti za kwenda kila mahali, na yeye mwenyewe hakuwahi kupita Timboroa. Saa za treni alizijua kwa kichwa. Ungemwamsha usingizini angekutajia. Reli iliwapa wafanyakazi wake pasi ya familia kila mwaka, na pasi hiyo ilikuruhusu kushuka njiani, ukae siku zako, halafu upande treni nyingine uendelee. Pasi za Murunga zilikuwa zikifia kwenye droo. Kila likizo ilipofika kulikuwa na mkutano wa shamba, au mchango wa shamba, au safari ya kwenda kumbembeleza ofisa fulani kuhusu shamba.

Mwaka huo mambo yakaisha. Yule kaburu waliyemwita Hendriki alifunga mizigo yake akaondoka, na shamba lake, upande wa kuelekea Sugoi, likawa mali ya watu arobaini na mmoja waliotoka kila pembe. Kilichobaki ni kugawana. Walubengo akatangaza kwamba kugawana ni Oktoba, sovea akishamaliza kupima.

Na kugawana kwao kulikuwa na sheria yake. Waliiita kukanyaga. Majina yalikuwa yameandikwa kwa kufuata nani alitangulia kumaliza mchango wake. Siku yenyewe jina lako likiitwa, unatoka mbele ya watu wote, unakwenda kwa miguu yako mpaka kwenye kipande unachokitaka, unachomeka jembe lako ardhini, na hapo ni pako. Lakini lazima uwe wewe. Ndugu hakukanyagii, mke hakukanyagii, barua haikubaliwi, maana walikuwa wamesikia jinsi watu wa mashamba mengine walivyoibiwa na wawakilishi. Usipokuwepo jina lako linarukwa, linakwenda mwisho kabisa, unachukua kilichokataliwa na wengine wote.

Murunga alikuwa wa pili kwenye orodha. Wa kwanza alikuwa Mzee Kinyanjui, ambaye kila mtu alijua anataka kipande cha kando ya barabara kwa ajili ya duka. Wa tatu alikuwa Walubengo.

Jumapili moja Murunga na Nangila walikwenda Kwa Hendriki, wakatembea, wakaiona chemchemi. Ilikuwa imezungukwa na udongo mweusi unaoshika kiatu. Nangila alipiga magoti, akanywa maji kwa kiganja, akasema, "Hapa, Baba Khaemba." Murunga akasema, "Hapa hapa."

Ndipo Murunga akamwambia mkewe kwamba sasa watakwenda likizo, mwezi wa Agosti, siku kumi, kama watu.

Walipanga safari hiyo mezani, majuma mawili kabla ya siku yenyewe. Nangila hakujua kusoma, lakini alijua anachokitaka. Murunga alianza na vituo sita: Nakuru, Gilgil, Naivasha, Limuru, Nairobi, halafu Thika warudi. Kila mahali siku moja na nusu. Alikuwa tayari ameandika saa za kuondoka.

"Hiyo ni kazi," Nangila akasema. "Si wewe utakuwa unaangalia saa siku zote kumi? Mimi sitaki kukimbizana na treni. Nataka mahali nitakaa mpaka nichoke kukaa."

"Siku ni kumi tu, Mama Khaemba."

"Basi ondoa hizo stesheni."

Akaziondoa moja moja, na kila aliyoifuta ilimuuma, Nangila aliona. Zikabaki tatu. Ijumaa kutoka Eldoret. Nakuru mpaka Jumatatu, kwa Nanyama, dada yake Nangila, aliyeolewa na fundi wa injini na kukaa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Jumanne asubuhi Naivasha, kwa karani mwenzake, waone ziwa. Ijumaa Nairobi, na Jumapili treni ya kurudi. Murunga aliandika yote kwenye karatasi nzuri, kwa mwandiko wake uliosimama wima, na wino mwekundu kwenye majina ya stesheni. Akaandika mara mbili. Ya kwanza aliitia mfukoni.

Ya pili akaipeleka mjini kwenye duka la Walubengo, kulikokuwa na mikutano ya kamati, akaibandika ukutani chini ya kalenda. Ya nini? Ili likitokea jambo la shamba, alisema, mwenyekiti ajue yuko stesheni gani siku gani, amtumie telegramu kwa stesheni masta. Hayo aliyasema, lakini alitaka pia ionekane. Watu wa reli ndivyo walivyo. Walubengo aliifuata karatasi kwa kidole mstari kwa mstari, akacheka kwa furaha.

"Karani," akasema, "hii ni kazi ya mzungu kabisa. Nenda upumzike, ndugu yangu. Tutakuangalilia mambo."

Walikuwa wametoka kijiji kimoja, na kwaya ya kanisa waliimba pamoja. Murunga alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Nakuru ilikuwa nzuri. Hilo Nangila hakuwahi kulisema kwa mtu kwa miaka tisa, kwa sababu hakuwa na haki tena ya kulisema. Mtoto walikuwa wamemwacha Kimilili kwa nyanya yake. Nanyama alimkataza Nangila asishike hata sufuria. Kila alasiri walikwenda ziwani, wakakaa kwenye majani na njugu za kukaanga, wakitazama flamingo wanavyotembea kwa maringo. Jumatatu, siku ya mwisho ya Nakuru kwenye karatasi, Murunga alivua viatu na soksi. Nangila aliitazama miguu ya mumewe mchana kweupe, miguu laini ya mtu wa ofisini, akaanza kucheka hata machozi yakamtoka, na Murunga naye akacheka, akaichezesha vidole.

"Kesho tusiende," Nangila akasema. "Siku moja tu tuongeze."

Murunga alitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha. Alikuwa hajawahi kufanya kitu kama hicho maishani. Jumanne ikapita, na jioni ya Jumanne, bila mtu kumwuliza, yeye mwenyewe akasema, "Aa, hata kesho. Naivasha haikimbii." Siku ya pili ilikuwa ya Murunga. Nangila aliikumbuka hivyo mwanzoni. Baadaye aliambiwa mara nyingi kwamba zote mbili zilikuwa zake, hata akaacha kuwa na hakika.

Walishuka Naivasha Alhamisi alasiri. Stesheni masta alikuja mwenyewe na bahasha mkononi. Murunga akaifungua, akasoma. Kisha akaketi juu ya sanduku lao, pale pale kwenye jukwaa la stesheni, akaendelea kuitazama ile karatasi muda mrefu, kana kwamba ilikuwa na kurasa nyingi. Nangila alingoja. Alifikiri mtu amekufa.

"Kumekanyagwa," Murunga akasema mwishowe. "Leo saa nne."

"Si walisema Oktoba?"

"Sovea amekuja mapema." Akakunja karatasi. Hakumtazama. "Hii telegramu imefika hapa Jumanne. Jumanne, Mama Khaemba. Kama tungekuwa hapa kama nilivyoandika, tungechukua treni ya jana usiku. Saa nne leo ningekuwa shambani na jembe."

Nairobi hawakuiona. Walipanda treni ya kurudi usiku huo huo. Walipofika, jembe la Walubengo lilikuwa limesimama kando ya chemchemi, na kilichobaki kwa jina lililorukwa kilikuwa namba arobaini na moja, juu, kwenye mawe. Walubengo alimshika Murunga mkono kwa mikono miwili. Alisikitika sana, alisema, na telegramu alikuwa ametuma. Murunga akaitikia kwamba ndiyo, aliipata, imechelewa kwa sababu ya mambo ya safari. Akamwelekezea Nangila kidevu, na wanaume wakatikisa vichwa.

Basi hivyo ndivyo yalivyokuwa maji ya Nakuru.

Mwaka wa sabini na saba kanisa lilifungua darasa la ngumbaru, la kuwafundisha watu wazima kusoma, katika chumba cha nyuma, kila Jumatano alasiri. Mwalimu aliitwa Hellen, msichana aliyemaliza shule ya upili akingoja kuitwa chuoni. Wanawake kumi na wawili walijiandikisha. Nangila alikwenda kwa sababu Khaemba alikuwa shule ya bweni, na barua zake alisomewa na Murunga siku za Jumamosi, kwa haraka, akiruka mistari. Alitaka kuisoma ile iliyorukwa.

Alijifunza upesi kuliko wengi. Kufikia mwezi wa nane alisoma neno lolote, polepole, kidole kikitangulia. Ndipo Mwalimu Hellen alipowaambia kwamba Jumatano ijayo kila mama alete karatasi moja ya kwake nyumbani, yoyote yenye maandishi, aisome mbele ya wenzake. Mwingine akaja na kadi ya ubatizo, mwingine na karatasi ya mbolea. Njambi, jirani yake Nangila, alileta risiti ya cherehani na kusoma kila neno hata jina la mchapaji, wakampigia makofi.

Nangila alileta telegramu. Ilikuwa kwenye sanduku la bati la Murunga, chini ya pasi za zamani. Alikuwa hajawahi kuigusa. Hata sasa hakujua vizuri kwa nini ameichukua. Labda alitaka kusoma kosa lake mwenyewe kwa macho yake, amalizane nalo. Alisimama, akaweka kidole.

"Ku... kukanyaga. Ni. Al-ha-mi-si. Saa nne. Njoo. Walubengo."

Wengine waliokuwa na mashamba Kwa Hendriki waliinamisha macho. Walijua ni karatasi gani. Mwalimu Hellen hakujua lolote, maana wakati huo alikuwa mtoto huko Chepkoilel, naye akafurahi sana.

"Vizuri sana, Mama. Na mnaona, telegramu ina maandishi mengine madogo. Hapa juu posta wanaandika saa ilipoletwa kwao. Hii imeletwa posta ya Eldoret Jumatano, saa kumi na dakika arobaini jioni. Na huu muhuri wa hapa chini ni wa kule ilikokwenda. Naivasha, imepokelewa Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi."

"Rudia," Nangila akasema.

Hellen akarudia, akamwonyesha kwa kidole kila tarakimu. Nangila alizisoma mwenyewe. Akazisoma tena.

"Hapana," akasema. "Ilifika Jumanne."

"Haiwezi, Mama. Jumanne ilikuwa bado hata haijaandikwa."

Njambi akaiweka chini risiti yake. "Na tulikanyaga hiyo Alhamisi saa nne," akasema polepole. "Mimi nilikuwa huko na mume wangu Wanyoike. Walubengo alituambia ametuma telegramu tangu wiki iliyopita."

Nangila aliketi. Hesabu yake ilikuwa rahisi, hata mtoto angeifanya. Wangefuata karatasi ya Murunga neno kwa neno, wangefika Naivasha Jumanne na kulala kwenye benchi la stesheni wakingoja, telegramu ingewafikia Alhamisi saa tatu na dakika kumi, na jembe la Walubengo lingechomekwa saa nne. Kutoka Naivasha mpaka Eldoret kwa treni ilikuwa safari ya usiku mzima. Siku mbili za Nakuru hazikuwa zimepoteza kitu. Hazikuwa zimepoteza hata tuta moja la viazi.

Kwamba Walubengo ni mwizi, hilo lilimuuma kidogo tu, na alishangaa kuona lilivyokuwa dogo. Walubengo alisoma ratiba ukutani, akaona siku ambayo Murunga atakuwa mbali, akamwita sovea. Mwizi ameiba, ndiyo kazi yake. Lakini muhuri huo ulisomwa kwanza na nani? Na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma mihuri. Alikaa juu ya sanduku akautazama muda wote ule, na alipoinua kichwa alikuwa ameshaamua nani atabeba lawama.

Jumamosi baiskeli ikaja. Murunga aliiegemeza, akavua kofia, akautazama mtungi. Ulikuwa mtupu, umelazwa ubavu. Juu ya meza kulikuwa na telegramu, imekandamizwa kwa kikombe.

"Nimesoma," Nangila akasema. "Yote. Hata maandishi madogo."

Murunga hakujaribu kukana. Alivuta kiti akaketi, na kwa mara ya kwanza Nangila aliona kwamba amezeeka.

"Nilijua pale pale," akasema. "Pale Naivasha."

"Ukasema Jumanne."

"Ningesema nini? Ile karatasi niliibandika mimi. Kwa mkono wangu, na wino mwekundu. Nilimpa siku, nikampa saa. Watu wangenicheka mpaka leo. Karani wa reli ameibiwa kwa ratiba yake mwenyewe."

"Kwa hivyo wakanicheka mimi."

"Wewe hawakukucheka. Walisema tu ni mambo ya wanawake."

Alilisema hilo kama neno la kumfariji. Nangila alimtazama, akatafuta hasira iliyomfaa, akaona zote ni ndogo. Miaka tisa ya lango la waya. Miaka tisa ya hodi, na asante, na samahani nimekuja mapema, kwa mke wa mtu aliyemwibia, na kila Jumamosi swali lile kutoka kwa mtu aliyejua. Na lililomkera kuliko yote ni kwamba alikuwa ameizika Nakuru. Siku nzuri kuliko zote alizopata, aliitubia kanisani kama dhambi.

"Toa kalamu," akasema.

Murunga alitoa, kwa mazoea, na fomu ya pasi kutoka mfuko wa shati.

"Pasi yako ya mwaka huu iko. Niandikie ile ya mke. Eldoret kwenda Nakuru. Naenda kwa Nanyama."

Akaandika. Mwandiko ulikuwa bado umesimama wima. Alipofika mstari wa pili akainua macho. "Kurudi niandike lini?"

"Andika kwenda peke yake."

"Mama Khaemba, pasi lazima iwe na siku ya—"

"Kwenda peke yake," Nangila akasema. "Na usibandike mahali."

Aliondoka Jumapili asubuhi na sanduku lile lile la Naivasha. Murunga alikuwa ametoka mapema bila kusema anakwenda wapi. Nangila alishuka njia ya mteremko kuelekea barabarani, na alipofika karibu na shamba la Walubengo akamwona mumewe. Alikuwa amesimama kwenye lango la waya na debe mkononi, katika suruali yake ya reli. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni kwa Walubengo, na vikombe vilisikika.

"Hodi," Murunga aliita.

Hakuna aliyeitikia. Alibadilisha debe mkono, akasafisha koo, akaita tena. Nangila alipita nyuma yake kwenye njia, karibu kabisa, na hakupunguza mwendo. Akiwa barabarani alisikia hodi ya tatu.